Kiwango cha Damu ya Jogoo

Hapo kale, tena si kale sana maana baadhi ya wahusika bado wako kazini, palikuwa na nchi ambayo sitaitaja jina. Yenyewe haipendi kutajwa, na mimi nina adabu zangu. Itoshe kusema ilikuwa nchi yenye bahati. Ilipata kura asilimia tisini na tisa, mvua asilimia mia na kumi, na furaha ya wananchi asilimia mia na ishirini. Wakubwa wake walilelewa kuamini kwamba namba kubwa ni habari njema na namba ndogo ni hujuma. Wala hawakuwa wajinga. Kila aliyewahi kupeleka namba ndogo ofisini aliondoka nayo, na yeye na namba yake hawakuonekana tena.

Siku moja Mlezi Mkuu wa nchi hiyo alifanya ziara wilayani, na wananchi wakamzawadia jogoo, kama ilivyo ada ya kumpokea mgeni. Ada inataka jogoo achinjwe, mgeni apewe firigisi, mambo yaishe. Lakini Mlezi Mkuu alipokohoa ili aanze hotuba, jogoo akawika. Akakohoa tena, jogoo akawika tena. Mlezi akatoa leso akafuta machozi.

"Huyu," alisema, "ndiye wa kwanza leo kuniunga mkono bila kupangiwa."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndivyo wasemavyo watu, lakini huyu alifungwa utepe wa hariri. Alipelekwa Ikulu, akapewa jina la Shupavu, chumba chenye pazia, na mhudumu aliyesomea ng'ambo. Pumba na mtama akakatazwa, vyakula vya kimaskini hivyo. Alikula sahani moja na Mlezi Mkuu: pilau, sambusa, siagi ya kopo, na kiporo cha karamu za mabalozi. Baada ya miezi minane kilemba chake kilikuwa kimepauka, kinyesi chake ni kijani, na alipojaribu kuwika alitoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

Hapo ndipo alipoitwa Sikitu.

Sikitu alikuwa mpimaji katika Maabara Kuu ya Damu ya Ndege, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mwanamke mpole, koti lake jeupe lilikuwa limefuliwa hadi likawa kijivu, na hakuwa na makuu. Alikuwa na kitu kimoja tu alichojivunia, nacho ni daftari. Kwa miaka kumi alikuwa amepima damu ya kuku wa mama yake, wale wa kishingo, yaani wasio na manyoya shingoni. Alipima mama, akapima watoto, akapima wajukuu, akaandika yote kwa penseli. Kuku hao ndio waliomsomesha. Kila yai lililouzwa utotoni mwake lilikuwa kalamu au sare, na mama yake, Bi Chausiku, hakuacha kumkumbusha.

Sasa ni vizuri msomaji ajue jambo dogo, maana nchi nzima iliangamia kwa kutolijua. Ndani ya ini la kuku kuna vimeng'enya, chembe zisizoonekana zinazofanya kazi za mwili kimyakimya. Ini likiwa zima, hukaa humo. Ini likiumia, huvujia kwenye damu kama unga unavyovuja kwenye gunia lililotoboka. Kuku mzima huwa na mia mbili hivi kwenye mashine. Kuku wa Bi Chausiku walikuwa na mia na hamsini, mama na mtoto na mjukuu. Sikitu alifurahi sana alipoliona hilo. Akaandika ripoti ya kurasa nne, na sentensi yake kuu ilikuwa hii: kiwango cha kimeng'enya katika damu ya kuku hurithiwa kwa sehemu ndogo, na sehemu kubwa ni chakula, umri na ugonjwa. Mkurugenzi wake, Daktari Ulimbo, aliipokea ripoti kwa shukrani, akaikunja mara nne, akaitegea chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Pale Ikulu, Sikitu alimshika Shupavu, akapangua manyoya chini ya bawa, akapata mshipa, akachoma. Mashine ikasoma elfu mbili na mia nne. Akaipangusa kwa koti lake, akapima upya. Namba ikawa ileile.

"Daktari," alimnong'oneza Ulimbo, "ini la huyu jogoo linakufa. Akiondolewa siagi leo, pengine atapona."

Daktari Ulimbo alitazama mlango, akatazama dari. "Bi Sikitu, hapa ni Ikulu. Ikulu hakuna anayeumwa. Ikulu watu wanapumzika. Umesema ngapi?"

"Elfu mbili na mia nne."

"Na kuku wa huko mitaani?"

"Mia mbili."

Uso wa Daktari Ulimbo ukang'aa. "Mara kumi na mbili!" alisema, na kabla Sikitu hajafungua mdomo, alikuwa ameshatoka mbio kwenda kupeleka habari njema.

Jioni hiyo meza ya Mkurugenzi ilianza kuyumba. Ripoti ilikuwa imetolewa mguuni, imenyooshwa kwa pasi, na sentensi yake kuu imepigiwa mstari mwekundu hadi kwenye neno "hurithiwa." Yaliyofuata yalikuwa yamekatwa kwa mkasi.

*

"Ndugu wananchi," Mlezi Mkuu aliunguruma redioni saa saba mchana, saa ya wote kusikia, "kwa miaka mingi mmejiuliza kwa nini hatuendelei. Mlisingizia barabara. Mlisingizia madawa. Wengine, nasikia, walinisingizia mimi. Leo sayansi imejibu. Ni kuku! Tumekuwa tukila mayai ya kuku wenye damu legevu. Na damu, ndugu zangu, ni urithi. Mtaalamu wetu mzalendo, Bi Sikitu, amelithibitisha hilo kwa miaka kumi, bila posho!"

Sikitu aliyasikia hayo akiwa amesimama kwenye duka la chumvi. Watu wakampigia makofi. Alitamani ardhi ipasuke.

Sheria ikatoka kesho yake. Kila kuku nchini apimwe. Atakayefika elfu mbili atatambuliwa kuwa mwenye damu ya Shupavu. Atakayepungua anyongwe hapohapo, asije akaeneza mbegu dhaifu. Asiliwe, maana ulegevu ungeingia kwa mlaji. Na ili mpimaji asishawishike kwa huruma, mpimaji ndiye atakayenyonga.

Tena palikuwa na fomu. Huwezi kupima damu bila nasaba, na nasaba haiwi nasaba bila mhuri. Kwenye kila kata wenye kuku walijipanga, kuku kwapani, mbele ya balozi wa nyumba kumi. Katika kata ya Bi Chausiku balozi alikuwa Mzee Kitwana, mtu mwema aliyeamini mihuri kuliko macho yake.

"Jina la baba wa kuku?"

"Sijui, mzee wangu. Ni jogoo tu wa jirani alipita."

"Alipita!" Mzee Kitwana akatikisa kichwa. "Tunaandika baba hajulikani. Hapo umepoteza alama thelathini. Babu wa upande wa mama?"

"Tulimla Idi."

"Andika," Mzee Kitwana alimwambia karani wake, "amefariki akiitumikia jamii."

Watu walicheka siku hiyo ya kuandikisha. Hawakucheka tena baada ya hapo. Kata baada ya kata Sikitu alichoma, mashine ikasoma mia na themanini, mia mbili, mia mbili na kumi, namba nzuri za kuku wazima waliochakura udongo wao na kula wadudu wao, na kila alipoisoma namba nzuri alikaza vidole shingoni. Waliopona walikuwa wachache. Kijiji kimoja kizima kilifaulu kwa sababu ghala lao lilikuwa limemwagikiwa sumu na kuku wakala humo. Mwenyekiti wa kijiji akapewa nishani. Wiki ya saba harufu ilikuwa haitoki mikononi mwa Sikitu, si kwa sabuni wala kwa limau. Mayai yakatoweka sokoni. Wauguzi wa kliniki wakawaambia kina mama wawape watoto mayai, kina mama wakawatazama tu. Wizara ikatangaza kwamba upungufu wa mayai umevuka lengo.

Sikitu alikwenda kwa Daktari Ulimbo. Hakukaa. "Daktari, namba kubwa ni ugonjwa. Tunaua wazima, tunaacha wagonjwa. Kile nilichoandika kilikatwa katikati, nawe unajua."

Daktari Ulimbo hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha. Alimwita karani, karani akafungua kitabu kikubwa, akashika kalamu tayari.

"Bi Sikitu anataka kusema jogoo wa Mlezi Mkuu ni mgonjwa," alisema Daktari Ulimbo. "Sema, bibi. Yeye ataandika, wewe utaweka sahihi."

Karani alikuwa na mwandiko mzuri, na kurasa za nyuma zilijaa sahihi za watu ambao Sikitu aliwahi kufanya nao kazi. Alizisoma moja moja. Kisha akasema koo linamkera, akatoka. Njia nzima alijiona mnyonge kuliko kuku aliowanyonga, maana wao walau walipigapiga mabawa.

Ukutani nje palibandikwa ratiba. Kata ya mama yake ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

*

Bi Chausiku alikuwa na kuku kumi na mmoja. Mkubwa wao aliitwa Biharusi, kwa kuwa alitoka kwenye uzao wa tetea aliyekuja na Bi Chausiku siku ya ndoa yake, kwenye tenga, miguu imefungwa, naye mwali viganja vimetiwa hina. Mume alikwishafariki, nyumba iliwahi kuungua ikajengwa tena, na uzao ule ulikuwa bado uko uani unachakura. Wakati huo Biharusi alikuwa anaatamia mayai tisa kwenye karai bovu nyuma ya jiko.

"Wamefuzu miaka yote," alisema Bi Chausiku. "Si wewe uliyeniambia damu yao nzuri kupita zote?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana watakufa."

Bi Chausiku aliwatazama kuku wake uani. Kisha akauliza lile swali ambalo Sikitu alikuwa amelikimbia kwa siku tatu. "Hakuna namna ya kuipandisha hiyo namba?"

Namna ilikuwepo, na hapakuwa na mtu nchini aliyeijua kuliko Sikitu. Karanga zilizoota ukungu huliua ini polepole. Ukiwapa kuku kidogo, wanadhoofu, ukizidisha, wanakufa. Kati ya kidogo na kuzidisha ndimo ilimokuwa ile elfu mbili.

"Unaniambia niwatie ugonjwa ili wapone?"

"Wapone kwanza Alhamisi, mama. Baada ya hapo tutawapa majani, tutawapa maji safi. Ini hujirudi likiwahiwa."

"Kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui," alisema Bi Chausiku. "Nilidhani ni msemo tu." Akaenda kuleta gunia la karanga lililolowa wakati wa masika. Akaketi ukumbini na sahani mbili, akachambua: nzuri kwenye sahani ya watu, zenye ukungu kwenye sahani ya kuku. Hizo za ukungu alizitupa uani huku akiwaita kwa sauti ileile aliyowaitia miaka yote, nao wakaja mbio, kwa kuwa hawakuwahi kuitwa kwa ubaya. Sikitu alishindwa kutazama.

Majirani si vipofu. Siku ya pili mmoja aliuliza, siku ya tatu wote walikuwa wanaanika karanga mahali penye unyevu. Mzee Kitwana mwenyewe alikuja kuomba kibaba kimoja cha zile mbovu, akagonga mhuri kwenye mfuko kwa mazoea.

Alhamisi ikafika, na kata nzima ilikuwa kimya. Hakuna jogoo aliyewika alfajiri. Kuku walisimama wameinamisha vichwa, mabawa yamelegea, kama abiria waliokosa gari. Daktari Ulimbo alikuja mwenyewe, akasimama begani kwa Sikitu akisoma mashine kwa sauti.

"Elfu mbili na mia moja! Elfu mbili na mia tatu! Bi Sikitu, hii ni kata au ni Ikulu ndogo?"

Walipofika kwa Bi Chausiku, kuku kumi walipimwa na kumi wakafaulu. Sikitu akaanza kufunga mkoba.

"Fomu inasema kumi na mmoja," alisema Daktari Ulimbo.

Sasa, kuku anayeatamia ana desturi yake. Hashuki kwenye mayai ila mara moja kwa siku, anakunywa maji haraka, anarudi. Bi Chausiku alikuwa amemwekea Biharusi karanga zake pembeni ya karai, na pembeni ya karai zilikuwa bado ziko, zote, zimeota ndevu za kijani. Sikitu aliziona kabla hajamgusa kuku. Akamwinua. Alikuwa wa moto, macho maangavu, mwenye hasira, akamdonoa kidole. Mashine ikasoma mia na arobaini na nane.

"Ah," alisema Daktari Ulimbo kwa masikitiko ya kweli. "Kila penye wema hapakosi msaliti. Mnyonge, bibi, tusiharibu takwimu."

Bi Chausiku hakulia wala hakusihi. Alisema tu, "Mfanyie haraka, mwanangu, mayai yasipoe," kisha akakumbuka aliyosema, akafunika uso kwa kanga. Sikitu akakaza vidole. Mwili ule mzima, wenye afya kuliko vyote katika nchi ile, ulipambana kwa muda mrefu. Mayai tisa yakapoa taratibu kwenye karai.

Wale kumi walikuwa uani, wagonjwa lakini hai, na Sikitu alishikilia hilo. Wiki tatu za majani na maji safi, alijiambia. Ndipo lori likaingia.

"Pongezi zangu, Bi Chausiku," alisema Daktari Ulimbo. "Kuku wa damu bora hawaachwi mikononi mwa watu binafsi. Wanakwenda Shamba la Mbegu la Taifa, wakazaliane."

Waliwapakia kuku wa kata nzima kwa nyimbo. Bi Chausiku aliwaita mara moja, kwa ile sauti yake, na wawili waligeuza vichwa. Siku ya tisa redio ikatangaza kwamba kuku wote wa Shamba la Mbegu wanapumzika. Shupavu alipumzika mwezi huohuo. Alizikwa kwa mizinga, na bendera zilipandishwa hadi kileleni mwa mlingoti kwa kuwa hakuna aliyekufa.

Ikawa nchi isiyo na kuku hata mmoja. Asubuhi watu waliamka kwa saa za mkononi.

*

Mwezi mmoja baadaye gari jeusi lilimfuata Sikitu maabara, alipokuwa anasafisha mashine isiyo na kazi. Hakuambiwa anakwenda kumpima nani. Aliingizwa kwenye chumba chenye pazia, na juu ya kitanda kipana alimwona Mlezi Mkuu. Macho yake yalikuwa ya njano. Ngozi pia. Si jambo la kushangaza kwa aliyekula sahani moja na Shupavu miezi yote ile, na akaendelea kula peke yake.

Sikitu alimfunga mpira mkononi, akapata mshipa, akachoma. Mashine ikasoma elfu mbili na mia sita. Mtu mwenye afya hafiki hata arobaini.

Chumbani walikuwepo mawaziri saba na Daktari Ulimbo, wote wakitazama midomo yake. Alifikiria kile kitabu cha karani. Halafu akafikiria yale macho maangavu yaliyomtazama kutoka kwenye karai, na kitu ndani yake kikachoka kuogopa.

"Mlezi Mkuu," alisema, "unaumwa. Unaumwa sana. Ini lako linakufa, kama la Shupavu. Ukiacha vyakula hivi leo, ukaletewa waganga wa kweli leo, kuna nafasi."

Mlezi Mkuu alimtazama, na kwa mara ya kwanza Sikitu aliona mle usoni mtu wa kawaida, mzee, mwenye hofu. Alimshika mkono. "Bibi," alisema kwa sauti ndogo ambayo redio haijawahi kuirusha, "kwa hiyo nitapona?"

"Mtukufu!" Daktari Ulimbo alikuwa ameinama juu ya mashine. "Elfu mbili na mia sita! Umempita Shupavu!"

Mawaziri wakaanza kupiga makofi, mmoja kwanza, kisha wote. Mlezi Mkuu alimtazama Sikitu, akamtazama Daktari Ulimbo, akamtazama tena Sikitu. Alikuwa na uwezo wa kuchagua, na alichagua. Mkono wake ukalegea, ukamwachia. Tabasamu likamjia taratibu.

"Nilijua," alisema. "Leteni sambusa."

Wala hawakumkamata Sikitu. Walimpa barua ya pongezi na lifti ya kumrudisha nyumbani, na ndani ya gari hilo, saa saba mchana, redio ya dereva ikaunguruma. Sayansi, ilisema, imepiga hatua. Iligundulika kwamba kosa halikuwa la kuku peke yao. Kila mwananchi atapimwa kwa Kiwango kipya cha Taifa, elfu mbili, kwani damu ni urithi na Mlezi ni baba wa wote. Watakaopungua watapumzishwa. Na kwa heshima ya rekodi yake bora katika zoezi la kuku, kata ya kwanza itakuwa kata ya Bi Sikitu, Alhamisi ijayo, mpimaji akiwa yeye mwenyewe.

Dereva akampongeza.

Alimkuta mama yake ukumbini, ameketi mkekani, redio ndogo pembeni imezimwa. Mapajani alikuwa na lile gunia la masika. Alikuwa anachambua karanga kwa uangalifu kama kawaida yake, lakini zile nzuri alikuwa anazitupa uani, mahali ambapo hapakuwa na wa kuzidonoa. Mbele yake palikuwa na sahani mbili, na zote mbili zilikuwa za watu.

Sikitu alisimama mlangoni, koti lake mkononi.

"Njoo ukae, mwanangu," alisema Bi Chausiku, akamsogezea sahani moja. "Tuanze na chache chache. Wewe ndiye unayejua kipimo."